Shata za vibao kwa nyumba ya Dodoma: grili iko ndani, nichague kibao cha ukubwa gani na mbao gani?

NyumbaYaIyumbu

Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa oda kwa fundi.

Nyumba iko Iyumbu, tofali za inchi 6, imeshapigwa lipu na kupakwa rangi. Sebule ina madirisha mawili ya futi 5 kwa 5 yanayotazama magharibi. Vyumba vitatu vina madirisha ya futi 4 kwa 4, upande wa mashariki, na bafuni kuna kadirisha ka futi 2 kwa 2. Yote ni aluminiamu ya kusukuma na grili imewekwa kwa ndani.

Nataka kuachana na mapazia, nifunge zile shata za mbao zenye vibao vinavyozunguka, ambazo wauzaji wanaziita plantesheni. Nimeonyeshwa vibao vya mm 64, 89 na 114, na vifaa vya kila aina: mbao, MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa), PVC (plastiki). Kila muuzaji anasifia chake. Nichukue kipi? Zifungwe ndani ya uwazi wa dirisha au juu ya ukuta? Na je, kweli zitapunguza joto la saa kumi jioni pale sebuleni, au nitabaki na urembo tu?

Randa_na_Msasa

Mkuu, mbao na rangi ziweke kando kwanza. Chukua tepu, pima kutoka uso wa lipu ya ndani hadi kwenye nondo ya grili. Namba hiyo itaamua karibu kila kitu, na wauzaji wengi hawaiulizi mpaka siku ya kufunga, vibao vinapogonga nondo na kugoma kufunguka.

Sababu ni hii. Bapa la shata, yaani jani moja lenye bawaba zake, kwa kawaida lina unene wa mm 27 hivi. Kibao kinazungukia katikati ya unene huo. Ukikifungua kikalala, kinatokeza mbele na nyuma. Cha mm 64 kinatokeza nyuma mm 18 au 19, cha mm 89 kinatokeza mm 31, cha mm 114 kinatokeza mm 43 au 44. Ongeza mm 10 za usalama, maana nondo haijanyooka kila mahali na ua la grili mara nyingi limechomoza kuliko nondo yenyewe. Pima kwenye hilo ua.

Kwa hiyo ukitaka bapa la kibao cha 89 lilale sawasawa na uso wa ukuta, kutoka grili hadi uso wa lipu unahitaji mm 27 + 31 + 10, yaani mm 68. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye dirisha la aluminiamu katikati na grili mbele yake ni nadra kukupa nafasi hiyo.

Ukishajua kina, pima upana sehemu tatu (juu, katikati, chini), urefu sehemu tatu, halafu pembe kwa pembe mara mbili. Andika kwa milimita. Inchi za "tano na kidogo" ndizo zinazozaa shata zisizofunga. Leta vipimo hapa.

KivuliKwanza

Nijibu la joto, kwa sababu hapo ndipo watu wanauziwa maneno.

Jua likishavuka kioo limeshaingia ndani. Shata iliyo nyuma ya kioo itazuia mwanga mkali na kukinga makochi yasipauke, na ikiwa nyeupe itarudisha sehemu ya mionzi nje. Sehemu iliyobaki inapasha vibao, vibao vinapasha hewa iliyo kati yake na kioo, na hewa hiyo inapanda na kumwagikia chumbani. Utaona nafuu kuliko dirisha tupu au pazia jepesi, lakini haifanani na kivuli cha nje. Majumba ya zamani ya Zanzibar na Bagamoyo yana shata zake kwa nje ya ukuta. Waliojua kukaa na jua walijua wanalikamatia wapi.

Kwa Dodoma angalia pande za nyumba. Tuko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu kidogo, miezi mingine linapita kusini kidogo. Hata mwezi Juni, adhuhuri, liko nyuzi 60 juu ya upeo, na paa lililotokeza sentimita 60 linatupa kivuli cha zaidi ya mita moja kwenye ukuta wa kaskazini. Kaskazini na kusini unaweza kukingwa na paa tu. Mashariki na magharibi hapana, kwa sababu jua linaingia limelala. Na miezi yetu ya joto kali, Oktoba hadi Desemba, ndiyo yale madirisha mawili ya magharibi yatakayokutesa.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kwa sebule, weka kibaraza, turubai au kichanja cha mimea nje ya madirisha hayo, kisha shata zije baadaye. Kama utafunga shata hata hivyo, chagua nyeupe au krimu. Kahawia iliyokolea nyuma ya kioo cha magharibi inachemka, na kama kioo chako ni cha rangi, chenye ukingo uliokatwa vibaya, tofauti ya joto kati ya katikati na ukingo inaweza kukipasua. Acha angalau mm 50 kati ya vibao vilivyofungwa na kioo. Grili yako ya ndani kwa mara ya kwanza inakusaidia hapo, kwa sababu inakulazimisha kuacha nafasi.

Mwelekeo wa vibao nao una maana. Jua la jioni likipiga, ukingo wa nje wa kibao uwe chini na wa ndani uwe juu, kama mteremko wa bati. Mwanga wa moja kwa moja unagonga mgongo wa kibao, hewa inaendelea kupita, na mwanga uliorudi kutoka ardhini unapanda kwenye dari. Wengi huvigeuza kinyume halafu wanalalamika kwamba jua linapenya.

NyumbaYaIyumbu

Asanteni sana. Nimepima moja la sebule. Upana juu 1,496, katikati 1,502, chini 1,499. Urefu kushoto 1,488, katikati 1,491, kulia 1,494. Pembe kwa pembe 2,110 na 2,119. Kutoka uso wa lipu hadi ua la grili ni mm 40. La pili halina tofauti kubwa na hili.

Fundi aliyekuja anasema atafunga ndani ya uwazi, kibao cha 89, mabapa mawili kwa kila dirisha.

Randa_na_Msasa

Mwambie asubiri.

Pembe zako zinatofautiana mm 9. Uwazi umepinda kidogo, jambo la kawaida kwa lipu ya mkono. Ukitia fremu iliyonyooka ndani yake, upande mmoja utakuwa na ufa wa kiberiti na mwingine hauna kitu, na jicho litauona kila siku. Kina cha mm 40 nacho hakitoshi. Sababu mbili hizo zinatuma fremu nje, juu ya uso wa ukuta.

Tengeneza fremu ya pande nne, mbao ya mm 50 kwa 50, uwazi wake wa ndani 1,520 kwa 1,510. Hivyo inaanza sentimita moja hivi nje ya ukingo wa dirisha kila upande na inaficha upindo wote. Bapa likikaa sawa na uso wa mbele wa fremu, mgongo wake uko mm 23 kutoka ukutani. Jumlisha 40 za grili, una mm 63 za kuchezea, na kibao cha 89 kinahitaji 41. Kinapita bila wasiwasi.

Hapa kuna mtego. Kibao kinatokeza nyuma mm 31 lakini ukuta uko mm 23 tu. Kama vibao vitakuwa mbele ya ukuta badala ya mbele ya uwazi, vitagonga lipu. Ndiyo maana fremu isizidi sentimita moja au mbili nje ya ukingo: mwimo wa bapa, yaani mbao yake ya kusimama yenye upana wa mm 50, ndio uufunike ukuta, vibao vyote vibaki ndani ya uwazi. Fundi akisema "tupanue kidogo ipendeze", kataa.

Mabapa mawili pia sikubali. Kila moja litakuwa na upana wa karibu mm 755. Kwa mninga ni zaidi ya kilo 10 zinazoning'inia kwenye bawaba, na kibao kirefu cha unene wa mm 10 kitalegea katikati. Gawa manne, yakunjane mawili kushoto na mawili kulia. Toa mm 3 kila upande wa fremu na mm 3 kati ya bapa na bapa, jumla 15, inabaki 1,505, kila bapa mm 376. Urefu wa bapa 1,504. Kila moja litakuwa na kilo 6 hivi, na bawaba za kwenye fremu zitabeba jozi, kilo 12. Weka bawaba tatu kwa kila mwimo, usikubali mbili.

Vibao: cha 89 hupangwa kila mm 80, kwa hiyo vinapandana mm 9 vikifungwa. Vibao 16 vinataka nafasi ya mm 1,294 ukijumlisha uwazi mdogo juu na chini, na mbao za kulala za juu na chini zinakuwa mm 105 kila moja. Urefu wa kibao ni 376 ukitoa miimo miwili ya 50, halafu utoe mm 3 za kupumulia, unapata 273. Dirisha moja lina vibao 64, mita 17.5 za mbao ya 89 kwa 10. Madirisha mawili ni mita 35. Nunua 40, vingine vitapinda ukivikata.

Ukichagua 64, nafasi kati ya kibao na kibao inashuka hadi mm 56 na vibao vinakuwa 23 kwa bapa, 92 kwa dirisha. Kila kibao kina pini mbili na matundu mawili, kwa hiyo kazi na bei vinapanda, na ukiwa ndani unaona nje kwa shida zaidi. Kwenye madirisha ya vyumbani 64 inaweza kufaa kama grili iko karibu zaidi. Ya 114 iache, inataka ukuta mnene.

BintiMakole

Nyongeza ya mbao, maana hapo fundi atakuambia "yoyote tu mama, rangi itaficha".

Shata haiharibiki kwa kusinyaa kwa upana kama mlango wa ubao. Mbao inasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei, na bapa limejengwa kwa mbao za kusimama na za kulala. Kinacholiua ni mwimo kujipinda na ulimi kulegea kwenye tundu lake. Mwimo wa mm 50 ukijipinda mm 4 tu, sumaku haishiki na jani linabaki limebenuka kama sikio.

Kwa hiyo ukavu ni muhimu kuliko jina la mti. Mbao iliyotoka Mafinga au pwani wiki iliyopita na kuletwa kwenye ukavu wetu wa Agosti itajipinda ikiwa ukutani. Taka asilimia 10 hadi 12 ya unyevu. Karakana isiyo na kipimo cha unyevu inaweza kupima kwa mzani: kata kipande, pima, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena, pima tena. Gramu 560 zikishuka hadi 500, tofauti ni 60. Gawanya kwa 500, ni asilimia 12. Kipande kikatwe katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na kudanganya.

Mninga ni mzuri kuliko zote kwa kazi hii: unasogea kidogo sana msimu ukibadilika, unapigwa randa vizuri, na kiini chake hakipendwi na mchwa. Mtiki vilevile. Mkongo ni imara ila ni mzito, bawaba zitalia. Kwa mninga na mkongo dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, usijekuwa na mbao isiyo na mwenyewe. Halafu kata sehemu nyeupe ya pembeni yote. Bungua, mdudu anayetoboa mbao, anaipenda, na utaona unga chini ya dirisha baada ya miezi michache.

Paini inafaa ukipaka rangi, lakini chagua isiyo na vifundo kwenye miimo, na kila kifundo kipakwe sheleki kabla ya praima, la sivyo utomvu utatoka na doa la njano kwenye jua la magharibi. Kama ni paini, tia dawa ya mchwa hasa mgongo wa fremu unaogusa ukuta. Mchwa wa Dodoma hapiti mbele, anapanda na lipu.

MDF kwa vibao sawa, kwa miimo hapana. Skrubu ya bawaba inang'oka, na maji ya kudekia yakiigusa inavimba hairudi.

Lipu_Kavu

Kwenye kufunga: lipu ya pembeni mwa madirisha mara nyingi ina mm 15 hadi 20 na ndani yake imejazwa vipande. Skrubu inayoishia kwenye lipu haijafunga kitu. Fremu mm 50, lipu 20, na angalau 40 ndani ya tofali, unafika mm 110. Tumia fisha (plagi ya plastiki ya kushikia skrubu ukutani) ndefu ya mm 10, kila sentimita 40, ya kwanza sentimita 10 kutoka kona. Usipige tundu karibu kabisa na ukingo wa uwazi, tofali litamegeka. Toboa kwa pembe kidogo kuelekea mbali na dirisha. Juu utakutana na linta ya zege, hapo drili ya kawaida itaungua, kaazime ya kugonga.

Fremu isifungwe ikabanwa siku hiyohiyo bila mabapa. Shikiza kwa skrubu nne, weka kabari, angalia pima maji na pembe kwa pembe, ning'iniza mabapa manne, yafunge, angalia ule uwazi wa mm 3 umelingana. Ndipo ukaze zote. Ukikaza kwanza, fremu inafuata mbonyeo wa ukuta na mabapa yanagombana katikati. Ufa kati ya fremu na ukuta jaza kwa akriliki inayopakika rangi. Silikoni haishiki rangi.

Mwambie fundi matundu ya pini ayatoboe miimo miwili ikiwa imebanwa pamoja, kwa kigezo kimoja. Tundu likihama mm 1, kibao hicho hakifungi na wenzake. Na pini isiwe msumari uliokatwa kichwa. Msumari unakula mbao, na vumbi letu linafanya kazi ya msasa. Fimbo ya shaba mm 4 kwenye bushi ya nailoni inadumu. Vibao vipakwe rangi kabla ya kuunganishwa, tena rangi ya maji. Ya mafuta ikiwa ndani hugeuka njano, hasa pande zisizoona jua.

NyumbaYaIyumbu

Hili la vumbi ndilo linanitia hofu. Upande wa vyumba, Julai hadi Oktoba, upepo wa mashariki unaleta vumbi hadi kitandani. Na PVC hamjaigusa.

Randa_na_Msasa

Shata haizuii vumbi wala mbu. Inakuwa rafu ya kulikusanyia vumbi. Kabla ya kufunga huko vyumbani, kagua brashi za kingo za dirisha lako la kusukuma. Zikiwa zimelala au zimeng'oka, badilisha, ni kazi ya saa moja kwa fundi aluminiamu. Wavu ubaki.

Kusafisha: funga vibao vikiangalia juu, pita na brashi laini au kitambaa kikavu, vigeuze viangalie chini, pita tena. Kitambaa kibichi kwenye vumbi jekundu kinatengeneza tope kwenye kona za pini. Kwa sababu hiyo chukua mkono wa kugeuzia uliofichwa nyuma, usichukue fimbo ya katikati. Fimbo ina vishikizo vidogo 16 vya waya, kila kimoja kinashika vumbi na ndicho kinachokatika kwanza. Vibao vikianza kuanguka vyenyewe, tafuta skrubu ndogo pembeni mwa mwimo, ikaze robo mzunguko. Ukikaza sana utapasua pini.

Siku za upepo usiache dirisha wazi na shata zimerudishwa tu. Sumaku mbili kwa kila bapa, juu na chini, au komeo dogo.

KivuliKwanza

PVC: kwa bafuni na jikoni sawa, haivimbi na inafutika. Kwa ile magharibi sitaiweka, labda miimo na mbao za kulala ziwe na aluminiamu ndani na bapa lisizidi mm 500. PVC tupu ikipashwa kila jioni inalegea na kupinda, na ikishapinda hairudi.

Lipu_Kavu

Kweli, yenye kiini cha aluminiamu nimeziona zikikaa sawa hata kwenye jua, tatizo ni kwamba dukani huwezi kujua bila kupima uzito au kuona ncha iliyokatwa. Omba wakuonyeshe ncha. Wakikataa, jibu unalo.

BintiMakole

Kwa kadirisha ka bafuni, futi 2 kwa 2 yenye grili ndani, msihangaike na shata. Miimo na fremu vitakula karibu theluthi ya mwanga. Bandika stika ya ukungu kwenye kioo, pesa hiyo ongeza kwenye mninga wa sebuleni.

Na ile grili, kabla hujaifunika na mabapa manne, hakikisha angalau moja kila chumba cha kulala ina sehemu inayofunguka na ufunguo wake unaning'inia mahali mtoto mkubwa anafikia. Usiku wa moto hakuna mtu atakayetafuta ufunguo nyuma ya vibao.